Niliuza Chai ya Kupunguza Tumbo Hosteli Kwetu

Wanachuo wenzangu, kabla sijatoa hoja naomba kwanza niungame. Semista ya kwanza ya mwaka wa pili niliuza chai ya kupunguza tumbo hapa hosteli. Niliuza maboksi 19. Boksi moja nilikuwa nachukua kwa elfu 22 na kuliuza elfu 35, kwa hiyo nilibaki na faida ya shilingi 247,000. Kwa mtu anayeishi kwa bumu la elfu 10 kwa siku, hiyo si hela ndogo. Nilinunua simu. Ndiyo hii ninayoandikia makala hii.

Naandika sasa kwa sababu mwaka huu naona wauzaji wapya, tena wengi kuliko sisi wa wakati ule. Kwenye mlango wa hosteli kuna karatasi imebandikwa. Kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, katikati ya ratiba na asainimenti, linapita tangazo la "kilo 5 kwa siku 7". Na mahafali hayo yanakuja, kila mtu anataka apendeze kwenye picha, ingawa jamani, joho lile linaficha hata gunia la mkaa.

Mimi nilianza kama wengi wanavyoanza. Nilikuwa na kilo 78 kwa urefu wa sentimita 162. Nilipokwenda nyumbani likizo, salamu ya kwanza ilikuwa, "Ee, chuo kimekukubali!" Shangazi akaniuliza kama chuoni tunasoma au tunakula tu. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku nikaanza kutafuta dawa kwenye simu. Binamu yangu alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu na sare ilishashonwa.

Chai nikaipata kwa dada mmoja aliyekuwa na kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili. Kila siku picha mbili: huyu kabla, huyu baada. Kundi hilohilo, kwa namba hiyohiyo ya kulipia, liliuza pia dawa ya kuongeza makalio. Asubuhi tunaambiwa tupungue, jioni tunaambiwa tuongezeke. Sikuona ajabu yoyote. Nilikunywa, nikaharisha, nikashinda chooni, na baada ya wiki moja mzani ukasoma 75. Kilo tatu! Nikapiga picha mbele ya kioo, nikaiweka stetasi, na kesho yake watu watano wakaniuliza, "Mwaya, umefanyaje?" Hapo ndipo nikawa muuzaji.

Sasa sikilizeni sehemu inayonitia aibu. Nilipokuwa nauza boksi la tatu, kilo zangu tatu zilikuwa zimesharudi. Nilijua, maana nilipima. Lakini picha ilibaki stetasi, na nikaendelea kuuza kwa kutumia picha ya mwili ambao sikuwa nao tena.

Mteja wangu wa 17 alikuwa binti wa mwaka wa kwanza. Alikuja chumbani kwetu usiku, akasimama mlangoni. "Dada, na mimi nataka tumbo liishe." Nilimtazama. Hakuwa na tumbo. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa na kilo 54 kwa urefu wa sentimita 160. Ukigawanya uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 21. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25. Yaani alikuwa katikati kabisa, hakuhitaji kupunguza hata gramu. Nikapokea elfu 35 yake.

Yeye akaongeza na dayati aliyoiona mtandaoni: yai la kuchemsha asubuhi, yai mchana, yai usiku, na maji ya ndimu. Siku ya tisa, wiki ya testi, alidondoka kwenye ngazi. Wenzake wakambeba mpaka zahanati, akawekewa dripu. Nesi alimuuliza anatumia nini, akatoa pakiti ya chai kwenye begi. Alipoulizwa ameipata wapi, akasema ameinunua mjini. Hakunitaja. Testi ilimpita, akahangaika wiki mbili kutafuta ruhusa ya kuifanya upya. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kule kutonitaja kwake kuliniuma kuliko kama angenitaja mbele ya darasa zima.

Likizo iliyofuata nilikwenda Tanga kwa bibi, na mabaki ya maboksi mawili kwenye begi. Bibi alichukua pakiti moja, akainusa, akaichana, akamwaga majani kiganjani.

"Hii mbona sanamaki?"

"Bibi, hiyo ni chai ya kupunguza mwili."

"Ni sanamaki, mjukuu wangu. Sisi tulikuwa tunapewa kikombe kimoja, mtu akikosa choo siku tatu. Sasa nyie mnakunywa haluli kila siku, mna ugomvi gani na matumbo yenu?"

Nikageuza boksi. Kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, kati ya orodha ya majani, lilikuwapo jina la Kilatini la mmea: Senna. Bibi ambaye hajawahi kukaa kwenye darasa la biolojia aliitambua kwa pua. Mimi wa chuo kikuu niliiuza miezi minne bila kusoma boksi.

Hebu tuelewane kuhusu kinachotokea mwilini, maana hapa ndipo uongo unapojificha. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula tunachokula, nguvu zake nyingi hufyonzwa mapema zaidi, kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo wakati chai inakukimbiza chooni, chipsi mayai za jana usiku zimeshaingia kwenye damu zamani. Unachotoa ni maji na chumvichumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo misuli na moyo vinaihitaji ili vifanye kazi. Ndiyo maana watu wanalegea, wanapata kizunguzungu, miguu inakaza, moyo unapiga ovyo. Na kwa dada zangu mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, jueni kwamba kuharisha sana kunaweza kufanya kidonge kisifanye kazi. Hilo hakuna muuzaji atakayekuandikia stetasi.

Basi zile kilo tatu zangu zilitoka wapi? Maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama gramu 400 hadi 500 hivi, na kila gramu inashikilia karibu gramu tatu za maji. Ukijinyima chakula ghafla, akiba hiyo inatumika kwanza, na maji yake yanatoka nayo. Ongeza maji uliyoharisha, kilo tatu hizo hapo. Siku unayorudi kwenye wali wako, akiba inajazwa na maji yanarudi. Mafuta hayajaguswa sana.

Sasa tupige hesabu, maana sisi ni wasomi, au ndivyo tunavyojiita. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nguvu ya takriban kalori 7,700. Kilo tano ni kalori 38,500. Ukitaka ziishe kwa siku 7, inabidi upungukiwe kalori 5,500 kila siku. Mwanafunzi wa kike wa kawaida anatumia kama kalori 2,000 kwa siku, na zinajumuisha kupumua, kutembea, kusoma na kugombania kiti cha daladala. Maana yake, hata usipotia chochote kinywani wiki nzima, usingeweza kuchoma kilo mbili za mafuta. Hiyo "kilo 5 kwa siku 7" haiwezekani hata kwa njaa tupu. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili, na hakuna hata mmoja wa wateja wangu 19 aliyenipigia. Mimi pia sikuipiga.

Kuna wanaosema, "Sawa, chai ni uongo, lakini kujinyima kunafanya kazi, ni suala la nidhamu tu." Hawa nawaambia habari ya Minnesota. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikielekea mwisho, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana wa kiume 36, wazima wa afya, waliojitolea wenyewe. Alitaka kujua jinsi ya kuwarudisha katika hali yao watu wa Ulaya waliokumbwa na njaa. Kwa miezi sita walilishwa karibu nusu ya chakula walichohitaji, huku wakitakiwa kutembea kila wiki. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini soma yaliyowapata: walikuwa wanahisi baridi muda wote, walikasirika kwa mambo madogo, walishindwa kukazia akili kitu, na wakawa hawawazi kingine ila chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, walikula hadi kupita kiasi na bado wakahisi njaa.

Hao walikuwa na nidhamu kuliko mimi na wewe, na madaktari walikuwa pembeni yao. Na chakula chao, nusu ile, kilikuwa kingi kuliko mayai matatu na ndimu. Halafu mtu anakula mayai matatu wiki ya mitihani, akipata sapu anasema lekchara anamchukia.

Yapo mabaya kuliko sanamaki. Kulikuwa na dawa ya kupunguza unene inayoitwa sibutramini. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani, baada ya utafiti kuonyesha kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo na mishipa. Tangu hapo mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuwa zikiikuta imefichwa ndani ya vidonge, kahawa na chai zinazouzwa kama vitu vya asili tupu. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi ilinifanyia kazi, tena haina kemikali," muulize imesajiliwa TMDA? Nani ameipima? Mimi mwenyewe nisingeweza kujibu. Nilichokuwa najua ni bei tu.

Kwa hiyo tubaki vibonge? Sijasema hivyo. Sitaki kuwa mtu wa kusema unene hauna madhara, kwa sababu mama yangu ana kisukari na presha, na najua dawa zinavyogharimu. Uzito ukizidi sana unaongeza hatari ya maradhi hayo, na sisi tunaoshinda tumekaa, tukinywa soda na kula chipsi saa tano usiku, tuko njiani kuyafuata. Ninachosema ni kwamba kinachoisaidia afya ni kidogo kuliko tunavyodhani na kinachukua muda mrefu kuliko tunavyotaka. Mtu aliyezidi uzito akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, presha na sukari huanza kushuka. Kwangu mimi wa kilo 78, hiyo ilikuwa ni kilo 4 hadi 8. Si lazima niwe kimbaumbau.

Nilianza upya semista ya pili, safari hii bila picha. Nesi wa zahanati alinipima presha, ikasoma 138 kwa 88, akaniambia bado si ya dawa ila niiangalie. Akaniambia nilenge nusu kilo kwa wiki, nisizidishe kilo moja. Nusu kilo inataka upunguze kama kalori 500 kwa siku, na kalori 500 ukizitafuta unaziona. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama vinane au tisa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120, na chapati zetu hazipikwi kwa kijiko kimoja.

Nikaacha soda za kila siku, nikabakisha ya Jumapili. Asubuhi, badala ya chapati tatu na chai ya sukari nyingi, chapati moja na maharage. Mchana nikaenda kwa mama lishe wetu wa nyuma ya uwanja nikamwambia, "Mama, shikamoo. Naomba wali upunguze nusu, mchicha ongeza." Akaniangalia kama naumwa. "Marahaba. Mwanangu, mbona unajipunja?" Siku ya nne alishazoea, akawa ananiongeza na maharage bila kumwomba. Usiku nikajitahidi kulala kabla ya saa sita, maana nimegundua zile chipsi za usiku ninazitaka kwa sababu ya kukesha kuliko kwa sababu ya njaa. Na kutoka hosteli kwenda madarasani nikaacha bajaji, nikawa natembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa siku tano, ni nusu saa kila siku. Kwenda darasani na kurudi kunanipa hizo, na mia tano yangu ya bajaji inabaki mfukoni.

Haikuwa rahisi kama ninavyoiandika. Kuna wiki mzani haukusogea. Kuna wiki ulipanda, hasa wiki ya siku zangu, nikataka kulia. Kuna wiki ya mitihani nilikula chipsi siku nne mfululizo. Tofauti ni kwamba safari hii hakukuwa na siku ya saba ya kushindwa. Jumatatu nilirudi kwenye mchicha wangu, basi. Baada ya miezi kumi nikawa na kilo 71. Presha ikasoma 124 kwa 80. Ukiniona leo bado utaniita mnene kidogo, na shangazi bado ana maneno yake. Lakini kilo saba hizi hazijarudi, na napanda ngazi za maktaba mpaka ghorofa ya tatu bila kusimama kujifanya nasoma matangazo.

Najua jibu litakalokuja: kula vizuri ni kwa wenye hela. Kama unamaanisha saladi za picha na shayiri ya supamaketi, kweli. Lakini mchicha, matembele, maharage, dagaa, ndizi na papai si vyakula vya wenye hela. Boksi moja la chai yangu lilikuwa sawa na bumu la siku tatu na nusu. Kwa elfu 35 hiyo mama lishe angekuongeza mboga mwezi mzima, na chenji ikabaki.

Hata hivyo hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na hapa nageukia uongozi wetu. Si haki kumwambia mwanafunzi ale vizuri wakati kafteria ikifika saa nane mchana mboga za majani zimekwisha, matunda yanauzwa bei mara mbili ya nje, na soda iko karibu kuliko maji. Namwomba Waziri wa Afya wa serikali yetu ya wanafunzi mambo matatu. Kwanza, zabuni ya kafteria itakapojadiliwa tena, iandikwe kwamba mboga za majani na tunda viwe ndani ya bei ya sahani, na maji safi ya kunywa yawepo bure. Pili, zahanati itenge siku moja kwa wiki ya kupima uzito, presha na kutoa ushauri wa lishe, ili mtu asiende kuuliza kwa muuza chai kwa sababu hana pa kuuliza. Tatu, viongozi wa darasa wafute matangazo ya dawa za mwili kwenye makundi ya masomo. Tunafuta matangazo ya mikopo ya mtandaoni, hizi nazo ni hasara ileile.

Na sisi wenyewe tuna kazi yetu. Tuache kusalimiana kwa kilo. "Umenenepa!" na "Umekonda, unaumwa?" si salamu. Binti wa kilo 54 hakuja mlangoni kwangu kwa sababu ya afya. Alikuja kwa sababu kuna mtu alimcheka kwenye foleni ya chakula, na mimi nikaigeuza aibu yake kuwa simu.

Nimeanza kurudisha hela. Kila bumu likitoka nawalipa wawili. Mpaka leo nimewalipa 11. Wawili walikataa, wakasema nao walijidanganya wenyewe. Yule binti wa ngazi alikuwa wa kwanza kulipwa. Aliipokea, akaihesabu mbele yangu, akaniambia, "Asante dada, ila ungeniambia tu ukweli siku ile." Wamebaki sita. Kama uliniuzia imani yako kwa elfu 35 na bado sijakufikia, mimi sijahama. Chumba ni kilekile, mlango ni uleule. Njoo uchukue chako.